Tiba ya mazungumzo: ya miaka au ya wiki chache?

Uchanganuzi wa nafsi, tiba ya mazungumzo ya daktari wa Austria Sigmund Freud, bado hutolewa karibu kama alivyouacha: mteja analala kwenye kochi, mtaalamu anakaa nyuma yake asionekane, vikao 3 hadi 5 kwa wiki, dakika 45 au 50 kila kimoja, kwa miaka. Humfaa anayerudia kosa lilelile katika kila uhusiano. Kwa mwenye hofu inayomzuia kupanda lifti, ni mzunguko mrefu mno.

Huyo aanze na tiba ya fikra na tabia, aliyoijenga daktari wa akili Mmarekani Aaron Beck miaka ya 1960. Vikao huwa 12 hadi 20 hivi, na roho yake ni karatasi ya safu: tukio, wazo lililokuja, hisia na ukali wake kwa asilimia, ushahidi wa kuunga na wa kupinga, kisha wazo lenye uwiano. Ijazwe papo hapo. Ikijazwa usiku wa kuamkia kikao, kumbukumbu imeshapoa, halafu tiba inalaumiwa bure. Kosa jingine, wakati wa zoezi la kupanda lifti, ni kutoka hofu ikiwa kileleni; mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikookoa.

Dawa za sonona (huzuni nzito isiyoisha) huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, ilhali kichefuchefu huweza kutangulia, ndiyo maana wengine huziacha mapema. Kuzikatisha ghafla huweza kuleta kizunguzungu na kukosa usingizi. Daktari apunguze dozi polepole. Kwa sonona kali, dawa pamoja na mazungumzo ndilo chaguo tunalolipendekeza.