Ratiba ya Ziwa Jipe: niliyouziwa na niliyoipanga upya

Disemba iliyopita nililipia safari ya siku tatu kwa wakala mmoja hapa mjini. Mombasa hadi Voi, Voi hadi Taveta, kulala siku mbili kwenye vibanda vya kujipikia ukingoni mwa Ziwa Jipe, mpakani mwa Kenya na Tanzania, kisha kupitia Ziwa Chala wakati wa kurudi. Bei ilijumuisha gari la kukodi na karatasi mbili za maelekezo. Februari nikarudi kulekule na watu walewale, ila ratiba nimeiandika mwenyewe mezani kwangu Likoni. Barabara ni ileile, ziwa ni lilelile, vibanda ni vilevile. Kilichobadilika ni saa za kuondoka na kufika, na hizo saa ndizo zilizoamua kama tutauona mlima Kilimanjaro au hatutauona.

Nianze na ile ya wakala. Iliandikwa tuondoke saa tatu asubuhi. Mtu anayeijua njia ya Miritini mpaka Mariakani hamwambii mteja aondoke saa tatu, maana malori ya makontena yameshajipanga na wewe unakwenda nyuma yao hatua kwa hatua. Tulifika Mariakani saa tano. Samburu na Taru tukazipita jua likiwa utosini, watoto wamelala kwa joto, Baba ameshikilia chupa ya maji bila kusema neno. Voi tulikula saa nane. Na hapo ndipo lilipo kosa kubwa la ile karatasi: kutoka Voi unaelekea magharibi. Ukiishika njia ya Taveta alasiri, jua linakupiga machoni hadi unafika. Mume wangu aliendesha mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mwingine ukikinga jua, katika kipande kinachokatiza hifadhi ya Tsavo Magharibi ambako ndovu huvuka lami wapendapo.

Tulipoacha lami kuingia njia ya vumbi, tukapata pancha. Gurudumu la akiba lilikuwa halina upepo. Duka lililotukodisha gari lilikuwa limetuonyesha jeki, spana, hata kizimamoto, lakini gurudumu hakuna aliyelibonyeza, mimi nikiwamo. Kijana wa bodaboda alitupeleka kulijaza na kutusaidia kulifunga, Mungu ambariki. Lango la hifadhi hufungwa saa kumi na mbili jioni, nasi tulilifikia zimebaki dakika chache. Kilimanjaro hatukuuona siku ile, wala kesho yake, kwa sababu karatasi ilitupangia kutoka vibandani saa nne, wakati wingu limeshaufunika.

Kwa hiyo huyo wakala simpendekezi. Alituuzia kilomita tu.

Safari ya pili tuliondoka Likoni saa kumi alfajiri tukapita barabara ya Dongo Kundu. Kwa sisi wa kusini njia hii imekuwa neema, unatokea Miritini bila kusubiri feri wala kukanyaga kisiwani. Malori yalikuwapo lakini yanatembea. Mackinnon Road tulisimama kwenye msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, pale pembeni ya reli, ambapo madereva wengi husimama wakaomba dua. Tukaswali kabla jua halijachomoza. Mama mkwe alifungua hotipoti ya mahamri na mbaazi juu ya boneti, chai ikapita mkono kwa mkono. Tulipokaribia Maungu mlima Kasigau ulikuwa umesimama mkono wa kushoto, mweusi mzima, na ukungu umeukaa kiunoni.

Voi tulifika mapema, tukajaza mafuta, na hapo nikafanya jambo ambalo namsihi kila mtu alifanye: lipia hifadhi kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, ukiwa Voi, mtandao ukiwa mzuri. Huko mbele simu inaweza kushika mtandao wa Tanzania, ukabaki langoni unahangaika. Pesa taslimu lango halipokei.

Kutoka Voi jua liko mgongoni mwako. Ni njia nyingine kabisa. Mwatate mashamba ya katani yamenyooka safu kwa safu hadi macho yanachoka, Bura vilima vya Taita viko karibu kana kwamba vitakuangukia, na udongo ni mwekundu kama ulivyo kwenye picha. Baba alifanya kazi relini miaka mingi, na hii reli ya Voi kwenda Taveta alikuwa akitusimulia tangu tukiwa wadogo. Safari ya kwanza alikuwa amechoka hata hakuangalia. Mara hii alishusha kioo akawa anatuonyesha inapopita. Akatuambia Waingereza walianza kuijenga mwaka 1915 ili wapeleke askari na maji upande wa Wajerumani, na kwamba Taveta yenyewe Wajerumani walikuwa wameshaikalia tangu Agosti 1914. Tulipofika kilima cha Salaita alimwomba mume wangu asimame. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza lilikishambulia kilima kile, likarudishwa nyuma na Wajerumani na askari wao Waafrika. Kilima chenyewe ni kidogo, kichaka na mawe. Baba alikaa akikitazama kwa muda, na hakuna aliyemharakisha.

Hapo tulikuwa tumeshauona. Baada ya Maktau, kwenye kona moja, mwanangu wa miaka saba aliuliza lile wingu jeupe mbona halisogei. Lilikuwa theluji ya Kilimanjaro. Saa tatu kasorobo asubuhi, mlima mzima, toka bega hadi bega.

Vibanda sasa. Ni vya kawaida: kitanda, chandarua, jiko, meza ya nje inayotazama maji. Hakuna chakula kinachouzwa, hakuna duka, kwa hiyo beba kila kitu. Sisi tulibeba deli la barafu, mchele, nazi mbili, ndimu, mkaa wa ziada na maji ya kunywa lita arobaini kwa watu saba, na maji yalitutosha kwa shida. Mashuka yalikuwa safi. Taa hafifu, kwa hiyo tochi ni lazima. Usiku viboko hupanda kula majani, unawasikia wanakoroma kama mtu mzima aliyelala chumba cha pili, na usithubutu kutoka nje kwenda kuwaangalia. Mama mkwe hakulala usiku wa kwanza. Wa pili alilala.

Lakini kilichostahili pesa yote ni mtumbwi wa alfajiri, ambao kwenye ratiba ya wakala haukuwamo kabisa. Tulipanga na mvuvi mmoja jioni yake, tukakubaliana bei mbele ya askari wa hifadhi, na saa kumi na mbili kasoro tukawa majini. Jipe ni ziwa la kina kifupi, kwa hiyo mtumbwi husukumwa kwa pondo, ule mti mrefu wa kuchomeka chini. Njia ni kichochoro chembamba kati ya matete yaliyopita kichwa cha mtu. Unasikia pondo likizama, likichomoka na tope, maji yakidondoka, basi. Kisha matete yakaachana ghafla na ziwa likafunguka mbele yetu, milima ya Pare upande wa Tanzania bado ina giza, na juu kabisa kaskazini magharibi kilele cha Kilimanjaro kimeshapata rangi ya waridi peke yake, wakati sisi huku chini hatuoni hata nyuso zetu vizuri.

“Kaa chini mama, tulia,” mvuvi aliniambia, maana nilikuwa nimesimama bila kujua.

Alituonyesha mahali mto Lumi unapoleta maji kutoka Kilimanjaro, na akasema magugu yanazidi kulila ziwa, kwamba kuna vichochoro alivyopita na baba yake ambavyo leo huwezi kupitisha hata mkono. Alivuta nyavu zake mbele yetu. Tulinunua perege saba, wabichi, mashavu bado mekundu. Nikawakaanga kwa chumvi, ndimu na pilipili tu. Samaki wa maji baridi Baba huwa hali. Hao alikula wawili.

Chala nitaieleza kwa ufupi. Ni shimo la volkano lenye maji, mpaka wa Kenya na Tanzania umepita katikati, na maji yake hutoka chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Wakala alituweka pale saa saba mchana, jua halivumiliki. Nendeni saa moja asubuhi. Njia ya kushuka ni ya mawe na mwinuko mkali, wazee wabaki juu kwenye ukingo, na asiogelee mtu, mamba wamo.

Kama siku yenu ya kurudi ni Jumamosi, pitieni soko la Taveta. Ndizi zile tunazozigombania sokoni Kongowea utazikuta kwa mkungu, kwa bei ya mwenyewe aliyezikata. Halafu ondokeni Taveta saa sita mchana. Jua halitawapiga machoni hadi Voi, na kile kipande cha ndovu mtakimaliza mchana. Mariakani tulifika giza limeingia na malori yamejaa, tukachelewa kufika nyumbani kwa muda wa karibu saa mbili nzima. Hilo sijalipatia dawa, labda kulala Voi.

Nimeshalipia kibanda kingine cha Agosti. Gari tutakodi kwingine, na gurudumu la akiba Baba amesema atalibonyeza mwenyewe kabla hatujatia sahihi.