Mapitio: Hadithi za Canterbury za Chaucer, toleo la lugha mbili

Toleo hili la jalada laini la hadithi ambazo mahujaji husimuliana wakiwa safarini kwenda Canterbury limepangwa hivi: ukurasa wa kushoto una maneno ya Geoffrey Chaucer kama yalivyoandikwa mwishoni mwa karne ya 14, na wa kulia una tafsiri ya Kiingereza cha leo. Mpangilio huo ndio unaonifanya nilipendekeze kwa msomaji wa Kiswahili, kwa sababu ambayo huenda mchapishaji hakuiwazia. Chaucer aliandika kabla matamshi ya irabu za Kiingereza hayajabadilika, kwa hiyo anayezitamka a, e na i kama tuzitamkavyo sisi huikaribia sauti ya mshairi kuliko anayemsoma kwa matamshi ya leo. Mstari wa kwanza, Whan that Aprill with his shoures soote, huishia kwa silabi mbili, soo-te, na wa pili huitikia kwa roo-te. Ukizimeza e hizo za mwisho, vina vinafifia na mizani inapungua. Ukizitamka, shairi linatembea lenyewe.

Utangulizi wa maisha yake ndio sehemu dhaifu, kwani umejaa sifa za baba wa ushairi wa Kiingereza na kuipita mbio kazi iliyomlisha. Chaucer alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa mvinyo wa London, alitekwa vitani Ufaransa, na mwaka 1360 mfalme alitoa pauni 16 kuchangia fidia yake. Kuanzia 1374 alikagua hesabu za ushuru wa sufu katika bandari ya London, kwa sharti kwamba aandike daftari kwa mkono wake mwenyewe, na akadumu katika kazi hiyo kwa miaka 12. Katika shairi lake moja la awali, tai anamkejeli kwamba akishamaliza hesabu hurudi nyumbani na kukaa mbele ya kitabu kingine, bubu kama jiwe. Huyo ndiye Chaucer ambaye msomaji mpya angepaswa kutambulishwa kwake, maana ni vigumu kumsoma yule mfanyabiashara wa msafara wa mahujaji, anayezungumzia faida yake kila mara huku hakuna ajuaye kwamba ana madeni, bila kuhisi kwamba mwandishi alikwishaona watu wa namna hiyo wakipita forodhani.

Maelezo ya chini ya ukurasa ni mazuri kwa Mke wa Bath, mmoja wa mahujaji wanaosimulia, ila kwa Mpishi, msimulizi mwingine, yameshindwa kabisa. Hadithi yake inakatika ghafla baada ya mistari michache na mhariri hasemi neno, hata mtu akadhani karatasi zimeng'oka. Katika muswada wa Hengwrt, nakala ya kale ya hadithi hizi iliyoandikwa kwa mkono, uliohifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Wales mjini Aberystwyth na ambao picha zake hutazamwa bure katika intaneti, mnakili aliandika kwamba Chaucer hakuiendeleza tena hadithi hiyo. Sentensi moja ya namna hiyo ingetosha hapa.

Sura ya athari zake inafidia mengi. Inaeleza kwamba William Caxton, aliyechapisha hadithi hizi katika miaka ya 1470, alirudia kuzichapisha mwaka 1483 baada ya mnunuzi kumlalamikia kwamba chapa ya kwanza haikulingana na muswada wa baba yake (wateja wagumu hawakuanza leo). Inaeleza pia kwamba Chaucer alizikwa Westminster Abbey mwaka 1400 akiwa mpangaji wa nyumba iliyokuwa katika bustani ya kanisa hilo, na kwamba ni baada ya mshairi Edmund Spenser kuzikwa karibu naye mwaka 1599 ndipo upande ule ulipoanza kuwa kona ya washairi. Kutoka hapo inafika hadi mwandishi Zadie Smith, ambaye mwaka 2021 alimhamishia Mke wa Bath katika baa ya London ya leo.

Gundi ya mgongo ni hafifu kwa kitabu kinene kiasi hiki, nacho hakikubali kulala wazi mezani, jambo linaloudhi unapotaka kulinganisha kurasa mbili. Kama duka lina nakala ya jalada gumu, ni afadhali kuongeza fedha na kuichukua hiyo.