Action Comics Namba 1: Kurasa 13 Ambazo Bado Zina Moto

Action Comics namba 1, jarida la katuni, ilitoka Marekani mwaka 1938 kwa bei ya senti 10. Ina kurasa 64, lakini wengi wanaoitafuta leo wanazitaka 13 za mwanzo tu: hadithi ya Superman iliyoandikwa na Jerry Siegel na kuchorwa na Joe Shuster, vijana wa Cleveland. Nakala ya asili ni ya matajiri. Moja ilinunuliwa mnadani mwaka 2024 kwa dola milioni 6. Sisi wengine tunasoma chapa za marudio, na hadithi inastahili kutafutwa.

Kwanza, ina kasi. Ukurasa mmoja unamaliza asili yote ya Superman: sayari inakufa kwa uzee, mwanasayansi anamtia mwanawe kwenye chombo, mtoto anaokotwa duniani na kupelekwa kituo cha yatima. Sayari haijapewa jina, na wazazi walezi hawamo. Superman huyu hapai angani. Anaruka tu, umbali wa mita 200 hivi kwa mruko mmoja, na kombora linalolipuka linaweza kumpenya. Mipaka hiyo inaipa hadithi mashaka ambayo Superman wa baadaye, anayeweza kila kitu, aliyapoteza.

Ukifungua ukurasa wa pili usidhani umeruka kitu. Superman anakimbia usiku, amembeba mwanamke aliyefungwa kamba, na hakuna anayekueleza kwa nini. Michoro ilitengenezwa kwa ajili ya magazeti, ikakatwa na kubandikwa upya haraka ili itoshe kurasa za jarida. Mwanzo uliokosekana uliongezwa kwenye jarida la Superman namba 1 la mwaka 1939.

Kinachoifanya isichakae ni hasira yake. Hakuna jitu wala roboti. Kuna mwanamke asiye na hatia anayesubiri kiti cha umeme, mume anayempiga mkewe, na seneta aliyewekwa mfukoni na mshawishi wa kisiasa. Yule mume anachomoa kisu, kinavunjikia kwenye ngozi ya Superman, na mume huyo anazimia papo hapo. Yule mshawishi, Greer, anabebwa juu ya nyaya za simu akipiga mayowe, huku Superman akimwambia kwa utulivu kwamba ndege hutua kwenye nyaya bila kudhurika, ilimradi wasiguse nguzo. Kisha karibu aiguse. Ni ukurasa bora wa jarida zima. Lois Lane, mwandishi wa habari, naye hana woga: jambazi anapomlazimisha kucheza naye, anamzaba kofi.

Kasoro zipo. Maandishi mara nyingi yanarudia kile ambacho picha imeshaonyesha, nyuso za majambazi zinafanana, na mandhari ya nyuma mara nyingi ni rangi tupu. Hadithi nyingine za jarida, kama Zatara mwanamazingaombwe na Chuck Dawson wa ng'ombe na bastola, zisome kama kumbukumbu ya enzi, si kwa utamu.

Ukitaka jarida zima pamoja na matangazo yake, tafuta chapa ya marudio iitwayo Millennium Edition ya mwaka 2000. Chapa nyingine, Famous First Edition ya 1974, ni nzuri zaidi kwa macho kwa sababu ni kubwa, takriban sentimita 25 kwa 34, lakini hapo ndipo matapeli hujificha: wanaondoa jalada gumu la nje na kuuza kilichobaki kama nakala ya 1938. Chukua rula kabla ya kutoa pesa. Nakala ya asili ina takriban sentimita 20 kwa 27.

Kama shida yako ni Superman peke yake, nunua juzuu la kwanza la The Superman Chronicles, mkusanyiko wa hadithi zake. Namba 1 inakatika Superman akiwa hewani na Greer mkononi, mruko ukiwa haukufika alikolenga, na muendelezo wake uko kwenye namba 2, ambayo juzuu hilo pia linayo.