NeoNatalie kwa mashindano ya wakunga: mdoli safi, ila angalieni mnavyogawa alama

Kwa vituo vya Mwanza vinavyotaka wakunga wajifunze kwa kushindana badala ya kusinzia mbele ya slaidi, NeoNatalie wa kampuni ya Laerdal ya Norway, mdoli wa kichanga wa kufanyia mazoezi ya kumpumulisha mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa, ndiye wa kununua kwanza. Akiwa mtupu ni mwepesi, anavuka na feri hadi Nansio ndani ya begi. Mkifika, mjazeni lita 2 za maji ya vuguvugu, apate uzito wa kichanga. Maji yawe safi, si ya kuchota ziwani, na mkimaliza myamwage yote na kumkausha, la sivyo ataota ukungu ndani.

Sifa yake kubwa ni kwamba hana upendeleo. Kichwa kikikaa vibaya, au barakoa ya kumpumulishia ikivuja pembeni, kifua hakiinuki. Mwezeshaji anabonyeza kipira kimoja kuleta mapigo ya kitovu, kingine kuleta pumzi.

Timu iwe ya watu wawili, wa tatu ashike saa. Kausha, funika, sugua mgongo. Asipopumua, kata kitovu na uanze kumpumulisha kabla dakika ya dhahabu, yaani ile ya kwanza baada ya kuzaliwa, haijaisha, kwa mwendo wa pumzi 40 kwa dakika. Hapo ndipo michezo mingi inapoharibika: ukimzawadia anayemaliza kwanza, watu wanaruka kukausha na kuminya ambu bagi (mfuko wa kupumulishia) kama wanajaza tairi upepo. Dakika moja iwe sharti tu. Alama zitokane na kifua: kila kikiinuka, moja.

Kisipoinuka, mwezeshaji anyamaze aone. Kosa la kawaida ni kuminya kwa nguvu papo hapo. Kwanza rekebisha barakoa, kisha kichwa, safisha mdomo halafu pua, fungua mdomo kidogo. Nguvu ni ya mwisho. Anayefuata mpangilio huo apewe alama za ziada.

Ubao wa matokeo uandikwe zamu, si majina. Muuguzi mkuu akishindwa na mwanafunzi hadharani, kesho ana "kikao".

Upungufu: mdoli hahesabu chochote, hivyo bila mwezeshaji makini hakuna mchezo. Na msimtoe mara moja kwa mwaka. Hospitali ya Haydom, Manyara, ilionyesha kuwa mafunzo ya siku moja pekee hayakubadilisha kazi wodini. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara ndiyo yaliyobadilisha. Kwa hiyo akae chumba cha kujifungulia, si kwenye kabati ambalo funguo anazo mtu mmoja.