Miezi mitatu na vidonge vya mginko: uzoefu wangu nikiwa Tokyo

Nilianza kumeza vidonge vya majani ya mginko mwezi Novemba, juma ambalo nilisahau mara mbili jina la mwanafunzi niliyekuwa nimemfundisha Kiswahili mwaka mzima, mara ya pili akiwa amesimama mbele yangu na daftari lake mkononi akisubiri nimwite. Nina umri wa miaka 58, na huu ni mwaka wangu wa 12 katika jiji ambalo limeufanya mginko kuwa mti wake rasmi. Jani lake, lililotanuka kama upepeo tunaopepelea jiko la mkaa, ndilo nembo ya Chuo Kikuu cha Tokyo, na kila vuli watu hufurika katika barabara ya Meiji Jingu Gaien kupiga picha chini ya miti iliyogeuka manjano kuanzia shina hadi kilele. Katika mazingira hayo, mtu mwenye wasiwasi na kumbukumbu yake hahitaji kushawishiwa sana.

Chupa niliyoinunua katika duka la dawa karibu na stesheni ilikuwa na vidonge 90, vya kumeza vitatu kwa siku, na bei yake ilikuwa yeni 1,480. Ingawa huuzwa dukani humo, hapa Japani vidonge hivi huhesabiwa kuwa chakula na si dawa. Maneno ya kwenye chupa, kwamba husaidia kudumisha kumbukumbu kwa watu wa makamo na wazee, yanaruhusiwa na utaratibu ulioanza mwaka 2015, ambapo mtengenezaji mwenyewe huwasilisha ushahidi wake serikalini, wala serikali haikagui kila bidhaa na kuipitisha. Nilichokipenda kwenye lebo ni hesabu yake ya makundi mawili ya kemikali za jani hilo, kwa dozi ya siku: flavonoidi miligramu 19.2 na terpeni laktoni miligramu 4.8. Dondoo sanifu la majani ya mginko, yaani kiini kilichokamuliwa kwenye majani na kupimwa kiwango chake, ambalo asili yake ni Ujerumani, huwa na takriban asilimia 24 ya kundi la kwanza na asilimia 6 ya la pili, kwa hiyo ukipiga hesabu utaona kwamba mnywaji anapata miligramu 80 za dondoo kwa siku. Majaribio makubwa yaliyofanywa kwa wagonjwa na wazee yametumia mara tatu ya kiasi hicho. Chupa isiyo na tarakimu hizo nisingeigusa, maana unga wa majani makavu na dondoo lililosafishwa ni vitu viwili tofauti: jani ghafi lina asidi za ginkoli zinazoweza kuleta mzio, ambazo katika dondoo sanifu hupunguzwa hadi chini ya sehemu 5 kwa milioni.

Ili nisijidanganye, kila jioni niliandika kutoka kichwani majina ya wanafunzi wangu wote 18 bila kutazama orodha. Usiku wa kwanza nilipata 13. Mwishoni mwa mwezi nilikuwa nikipata 16 au 17, na furaha yangu ilikuwa kubwa mpaka mke wangu aliponiuliza kama mtu anayeandika majina yaleyale kila siku kwa mwezi mzima anahitaji kidonge ili ayakumbuke. Sikuwa na jibu. Nilipojaribu na majina ya darasa jingine, ambalo sikuwa nimelifanyia mazoezi, nilikuwa palepale.

Baadaye niliona kwamba hali yangu haina ajabu. Nchini Marekani watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi walipewa ama miligramu 120 za dondoo mara mbili kwa siku ama vidonge visivyo na kitu, wakafuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba ginko haikupunguza idadi ya waliopata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ufaransa walifanya jaribio la miaka mitano kwa watu 2,854 wa miaka 70 na zaidi, ambao wote walikuwa wameanza kulalamika kwa madaktari wao kwamba wanasahau, kama mimi. Mwaka 2012 nako jibu lilikuwa lilelile. Wakala wa Dawa wa Ulaya unakubali matumizi ya dondoo sanifu, miligramu 240 kwa siku, kwa wazee ambao tayari kumbukumbu imeanza kupungua au wana ugonjwa huo katika hatua nyepesi. Kuzuia ugonjwa usije ni jambo jingine, na ndilo wanunuzi wengi tunalodhani tumelilipia.

Kosa langu nilifanya mwezi wa pili. Nikiwa na ile hesabu ya miligramu 240 kichwani, nilipandisha mwenyewe hadi vidonge tisa kwa siku, na wakati huohuo nilikuwa nikimeza aspirini kwa ajili ya goti. Juma la kwanza niliumwa kichwa, nikavumilia. Asubuhi moja ya Januari damu ilinitoka puani, ikalowesha taulo, na haikukatika upesi. Daktari aliponiuliza ninatumia dawa gani nilimtajia aspirini peke yake, kwa kuwa moyoni mwangu ginko ilikuwa jani tu. Ilibidi aulize mara ya pili ndipo nikakumbuka. Hakusema kwamba ginko ndiyo chanzo, kwani hewa ya Tokyo wakati wa baridi hukausha pua ya mtu yeyote, lakini aliniamuru niiache siku hiyohiyo. Maelekezo ya Ulaya yanataka uangalifu kwa kila anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini ikiwemo, na yanashauri ginko iachwe siku tatu au nne kabla ya upasuaji.

Jambo jingine lililonikera ni lebo kujigamba kwa hekima ya kale ya Uchina. Tiba ya jadi ya Kichina ilitumia zaidi mbegu, kwa kikohozi na pumu, ilhali dondoo la majani ni kazi ya maabara za Ulaya za karne ya 20. Mbegu zenyewe, ambazo Wajapani huziita ginnan, nilizijua kabla ya vidonge. Zinapodondoka, ganda lake laini hunuka kama siagi iliyochacha, na jirani yangu huziokota kwa glavu kwa sababu utomvu wake huwasha ngozi. Akishaziosha na kuzikausha, huzitia kwenye bahasha ya karatasi pamoja na chumvi, huikunja mdomo na kuiweka kwenye maikrowevu mpaka zianze kupasuka. Ndani hutoka kiini cha kijani kinachong'aa, chenye ladha karibu na njugu mawe changa na uchungu kidogo nyuma yake. Zina sumu inayovuruga kazi ya vitamini B6 mwilini na inaweza kuleta degedege, hasa kwa watoto. Wazee hapa huonya kwamba mtu asile nyingi kuliko miaka yake, na jirani yangu hawapi wajukuu wake hata moja.

Dada yangu wa Tanga alipopata habari aliomba nimtumie mama chupa mbili. Mama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu damu ilipoganda mguuni. Nilikataa, naye akaninunia, mpaka nilipomsimulia habari ya taulo. Kwa wasomaji wa nyumbani naongeza kwamba mwenye kifafa asiiguse, na anayetumia dawa za kufubaza VVU zenye efavirenzi asiitumie pia, kwa sababu ginko inaweza kupunguza kiwango cha dawa hiyo katika damu.

Kwa haki nitaje kwamba vidole vyangu, ambavyo kila majira ya baridi hufa ganzi, mwaka huu vilinisumbua kidogo kuliko kawaida. Lakini pia mwaka huu nilinunua glavu nzuri. Chupa ya tano imebaki na vidonge 61 kwenye droo, na ya sita sitainunua. Vuli ikija nitakula ginnan za jirani, saba au nane, kwa chumvi.