Mhasibu wa mishahara niliyempata baada ya kuungua mara mbili: nyota nne

Nilimpelekea mifuko miwili ya plastiki. Mmoja ulikuwa na slipu za mishahara, taarifa za benki na daftari la mahudhurio. Wa pili ulikuwa na bahasha za mamlaka ya kodi ambazo nilikuwa nazirundika nyuma ya cherehani bila kuzifungua. Mfuko wa kwanza hakuugusa. Aliuvuta wa pili, akafungua bahasha zote saba, akazipanga mezani kwa tarehe, kisha akaanza kusoma ya mwisho.

"Hii ndiyo yenye siku ya kujibu, mwanangu," alisema. "Hizo nyingine tutazisoma tukiwa tumekaa."

Nina karakana ya kushona sare, na mafundi watano. Kushona najua. Kuajiri nilijifunzia njiani, na kosa langu la kwanza nililifanya siku ileile nilipomwajiri fundi wa kwanza. Aliniuliza ataondoka na ngapi mkononi, nami nikamtajia. Tuseme ni 1,000. Nikajua makato yake ni asilimia 20, basi nikachukua 1,000, nikatafuta asilimia 20 yake, nikapata 200, nikapeleka hizo. Nikajiona mwema: nimemlipa kamili na kodi nimelipa mimi.

Mama mhasibu alichukua kalamu akanionyesha. Ukimwahidi mtu 1,000 mkononi na makato ni asilimia 20, mshahara wake kabla ya makato ni 1,250, kwa sababu asilimia 20 ya 1,250 ni 250, na kinachobaki ndicho 1,000. Mimi nilikuwa nahesabu asilimia ya kile kilichobaki badala ya asilimia ya mshahara wote. Pengo ni 50 kwa fundi mmoja kwa mwezi. Zidisha kwa mafundi watano, zidisha kwa miezi 14 niliyokuwa nimeendesha hivyo, unapata 3,500 ambazo hazikuwahi kufika zilikotakiwa, na hapo hujagusa riba wala adhabu. Nilikaa kimya muda mrefu. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Lakini hilo lilikuwa kosa la ujinga. La pili lilikuwa na makusudi kidogo. Kuna miezi mitatu mteja wangu mkubwa alichelewa kulipa, na mimi nilihitaji majora ya kitambaa. Pesa za makato zilikuwa zimekaa palepale kwenye akaunti ya biashara, hazina kelele, nikazitumia. Nilisema nitazirudisha. Hapo ndipo mama mhasibu alipopandisha sauti kwa mara ya kwanza na ya mwisho tangu nimfahamu. Alisema pesa uliyomkata mfanyakazi si yako hata kwa dakika moja. Ni ya fundi, amekupa uipeleke. Ndiyo maana katika nchi nyingi sheria humfuata mwenye biashara mwenyewe kwa makato yasiyopelekwa, hata kama amesajili kampuni na anadhani kampuni itambebea madeni yote. Mkopo wa benki unaweza kubaki kwenye kampuni. Makato yanaweza kukufuata mpaka nyumbani.

Sasa niseme nilikopita kabla ya kufika kwake, maana wengi wanaosoma hapa wako kwenye mojawapo ya vituo hivyo.

Kwanza nilinunua programu ya mishahara. Programu yenyewe siilaumu. Ilikokotoa sawasawa kila nilichoilisha. Iliniuliza mshahara kabla ya makato, nikaandika ule wa baada ya makato. Iliniuliza fulani ni mwajiriwa au mtoa huduma wa kujitegemea, nikachagua "wa kujitegemea" kwa fundi wangu wa tano kwa kuwa ndivyo tulivyokubaliana kwa mdomo na makato yake yangekuwa kidogo. Programu haikuwa na jinsi ya kujua kwamba mtu huyo anaingia saa mbili asubuhi kwa amri yangu, anashonea cherehani yangu, na siku akiumwa hawezi kumtuma ndugu yake aje kushona badala yake. Mama mhasibu aliuliza maswali hayo matatu tu: nani anapanga saa, vifaa ni vya nani, anaweza kumleta mwingine mahali pake? Nilipojibu la tatu alikuwa ameshaandika "mwajiriwa". Mlichokiita kwenye makubaliano hakiwezi kufuta jinsi kazi inavyofanyika kweli.

Kituo cha pili kilikuwa mshauri wa fedha aliyenihudumia bure. Neno hilo "bure" lilinipendeza sana. Alikuja na tai, akasikiliza matatizo yangu ya kodi kwa dakika kama tano, akasema hayo yatajipanga, la muhimu ni kesho yangu. Nikatoka na bima ya maisha yenye uwekezaji ndani yake, ya miaka 20, huku nadaiwa makato. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa bure: alilipwa kamisheni na waliouza ile bima. Sisemi kila anayelipwa kamisheni ni tapeli. Nasema mimi sikumuuliza, na yeye hakuona haja ya kunieleza.

Nilipoanza kutafuta upya nilizungumza na watu watatu kabla ya kuamua. Wa kwanza aliniahidi, kabla hajasoma barua hata moja, kwamba deni "litafutwa". Niliaga. Wa pili alikuwa mzuri lakini hajawahi kushika mishahara, kazi yake ni hesabu za mwisho wa mwaka. Wa tatu ndiye huyu. Alinipa namba yake ya usajili bila kuombwa, akasema nisimwamini mdomo, niende kwenye orodha ya bodi ya wahasibu nimtafute mwenyewe. Nilimtafuta, nikamkuta. Hili nalisisitiza kwa sababu jina "mshauri wa fedha" sehemu nyingi mtu yeyote anaweza kujipachika mlangoni, ila mhasibu aliyesajiliwa ana bodi inayoweza kumnyang'anya cheti, na unayo mahali pa kumshtaki.

Kisha akaniandikia barua ya makubaliano, kurasa mbili. Imeandika atakachofanya, tarehe ya kila kitu, ada ya kila mwezi, na ada tofauti ya mara moja ya kusafisha miezi iliyopita. Nusu ya ukurasa wa pili ni mambo ambayo hatafanya: hatashika pesa zangu, hatasaini kwa niaba yangu, hatanishauri kuhusu uwekezaji. Sijawahi kuuziwa huduma kwa kuorodheshewa kisichouzwa, na nakiri hapo ndipo nilipotulia.

Kazi yenyewe ilianza bila kompyuta. Alinituma benki nifungue akaunti ya pili. Siku ya mshahara sasa nahamisha mara mbili: pesa za mkononi zinaenda kwa mafundi, na makato pamoja na mchango wangu kama mwajiri yanaingia kwenye akaunti ile ya pili, siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kupeleka bado. Kadi ya akaunti hiyo sina. Aliniambia nisiichukue. Huo ndio ushauri bora niliolipia, na ungeweza kuandikwa kwenye kipande cha vifungashio vya vifungo.

Deni la nyuma alilikabili kwa mpangilio ambao nisingeuwaza. Mimi nilitaka nikusanye pesa kwanza ndipo nipeleke ritani, yaani fomu za kuieleza mamlaka ya kodi nimekata kiasi gani, kwa aibu. Akasema kinyume: peleka ritani zote zilizokosekana hata kama huna senti ya kulipia. Mara nyingi adhabu ya kutopeleka ritani na adhabu ya kuchelewa kulipa ni mbili tofauti, na ile ya kwanza unaweza kuizima leo kwa karatasi peke yake. Baada ya hapo tukaomba kulipa kwa awamu. Tulikubaliwa awamu kumi. Riba iliendelea kuhesabiwa kwenye kilichobaki, na alinitahadharisha hilo mapema, kwa hiyo sikushtuka nilipoiona.

Siku moja nilimlalamikia: kwa nini mimi mshona sare ninafanya kazi ya kukusanya kodi ya serikali bila malipo? Alicheka. Akasema utaratibu huu wa kukata kila mshahara ulienea wakati wa Vita Kuu ya Pili. Marekani waliuweka kisheria 1943, Uingereza wakaanza 1944, kwa sababu vita vilileta mamilioni ya walipakodi wapya ambao ukingoja mwisho wa mwaka utakuta pesa wameshazila. "Wewe ungelipa mwisho wa mwaka?" akaniuliza. Sikumjibu. Michango ya mwajiri ni ya zamani zaidi: sheria ya bima ya ugonjwa ya Ujerumani ya 1883 ilimtaka mfanyakazi atoe theluthi mbili na mwajiri theluthi moja. Kwa hiyo malalamiko yangu yana umri wa zaidi ya miaka 140.

Alikubali pia kuja karakana saa moja kuongea na mafundi, jambo ambalo halimo kwenye barua. Kulikuwa na fundi aliyekataa nyongeza ya mshahara akiogopa "kupanda daraja" na kupata pungufu. Mama akamchorea kwa chaki kwenye meza ya kukatia: tuseme 1,000 za kwanza zinakatwa asilimia 10, na kinachozidi hapo asilimia 20. Ukitoka 1,000 kwenda 1,100, asilimia 20 inaigusa ile 100 ya juu tu. Kodi inatoka 100 inakuwa 120, mkononi unatoka 900 unakuwa 980. Fundi akauliza mbona binamu yake alipoteza kweli baada ya kuongezwa. Mama hakumkatisha. Alisema hilo linawezekana pale ambapo kuna ruzuku au posho inayokatika ukivuka kiwango fulani, lakini hilo ni jambo la posho, si la madaraja ya kodi. Fundi alichukua nyongeza yake.

Nilipomuuliza kuhusu ile bima ya miaka 20, alinionyesha kidole kwenye ile barua: hatanishauri kuhusu uwekezaji. Akanipa majina mawili ya wapangaji fedha wanaolipwa ada na mteja, akasema hapati chochote nikienda huko, na kwamba niwaulize hata hivyo. Nilimlipa mmoja kwa kikao kimoja. Alinizuia nisivunje bima kwa hasira, tuangalie kwanza nitarudishiwa kiasi gani nikiivunja sasa na kiasi gani nikisitisha malipo bila kuivunja. Kisha akauliza mshahara wangu mimi ni kiasi gani. Sikuwa nao. Nilikuwa nachota tu. Kwa sasa ninao, unaandikwa kwenye orodha pamoja na wa mafundi, na kiwango chake tulikipanga watu watatu, kwa kuwa namna mwenye biashara anavyojilipa inategemea biashara imesajiliwa vipi.

Nyota ya tano imekwenda wapi? Kwanza, kuanzia wiki moja kabla ya tarehe ya ritani huyu mama hapatikani. Simu inaita mpaka inakata. Najua ana wateja wengine, lakini hata ujumbe wa "nitakujibu Jumatatu" ungetosha. Pili, ripoti yake ya mwezi imejaa vifupisho ambavyo nilivielewa baada ya miezi minne, na nilipoomba maelezo aliniandikia vifupisho vingine. Tatu, msaidizi wake mpya alinitumia ujumbe akiomba neno la siri la akaunti yangu ya kodi. Nilikataa. Mama aliponipigia aliomba radhi, akasema nimefanya sawa, kwa kuwa yeye ameshaidhinishwa kuingia kama wakala kwa akaunti yake mwenyewe na hana haja na neno langu la siri. Vizuri, lakini msaidizi alipaswa kufundishwa kabla ya kupewa namba yangu.

Aliwahi pia kukosea likizo ya fundi mmoja, siku mbili. Hiyo siihesabu. Aliigundua mwenyewe, akaniandikia kabla sijaona, akarekebisha mwezi uliofuata.

Kama una mfanyakazi mmoja na mshahara usiobadilika, sidhani unamhitaji kila mwezi. Mlipie kikao kimoja akupangie, kisha tumia programu. Ukifika watatu, wanne, wenye saa za ziada na likizo, tena kuna bahasha nyuma ya cherehani, nenda, na uzibebe zote.

Awamu ya kumi nililipa mwezi uliopita. Wiki hiyohiyo ilikuja barua yake: anapandisha ada, na amenipa siku 60 za kufikiri. Nimeisoma kurasa zote mbili, pamoja na ule wa yasiyofanywa, nikasaini.