Wananiuzia bima wakijua siishi huko, halafu gari likipata ajali "limetelekezwa"

Nyota moja. Ningeweza kutoa sifuri ningetoa.

Nyumba yangu ya pili iko nchi nyingine, na gari lipo hukohuko, lina namba za usajili za huko. Kampuni ya bima ninakoishi ilikataa kabisa kuligusa, na hapo siwalaumu: bima ya gari hufuata namba ya usajili na mahali gari linapolala, hata kama mwenyewe anaishi kwingine. Nikahamia kampuni ya huko. Punguzo langu la miaka mingi bila kudai fidia hawakulitambua, nikaanza upya kama dereva aliyetoka kupata leseni jana. Nikameza. Wakala nilimweleza wazi kwamba mimi huja likizo tu, na gari hukaa uani chini ya turubai miezi kwa miezi. Akaandika mbele ya macho yangu. Nikachukua bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, nikalipa yote kwa mkupuo.

Kisha tawi la mti wa jirani likaangukia gari. Kioo cha mbele kikapasuka chote, boneti ikabonyea. Mlinzi akanitumia picha, nami nikapiga simu kampuni siku ileile.

Kijana aliyepokea akauliza, "Mzee, hili gari liliendeshwa lini mara ya mwisho?" Nikamwambia ukweli, nilipokuja likizo iliyopita. Nikasikia anabofya kompyuta. "Basi kuna kifungu hapa. Likizidi siku 30 bila kuendeshwa na hamkutuarifu, linahesabika limetelekezwa."

Limetelekezwa! Lina turubai, lina mlinzi, betri imechomolewa waya kama fundi alivyoagiza ili isife. Anayetelekeza gari hulilipia bima kubwa? Nikamwambia taarifa mlipewa siku ya kwanza, iko kwenye fomu yenu. Akajibu fomu ya maombi ni kitu kingine na hati ya bima ni kitu kingine. Nilipozidi kubishana akanishauri, kwa upole wa kuudhi, kwamba watu wa nje kama mimi tuchukue Kadi ya Njano ya COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika.

Jamani. Kadi ya Njano, sawa na ile ya Kijani ya Ulaya iliyoanza kutumika 1953, ni ya gari linalovuka mpaka kwenda kutembea, na kazi yake kubwa ni kumlipa mtu utakayemdhuru barabarani. Kioo chako mwenyewe haikihusu. Na gari langu halijavuka hata geti! Mtu anauza bima kutwa nzima na hilo halijui? Mwisho akanimaliza: "Kwani mzee, gari la nini huku nawe huishi huku?" Nikakata simu kabla sijasema la kujutia.

Sasa, haki yao niwape. Mkadiria hasara waliyemtuma baadaye alikuwa mtu wa maana. Alipiga picha gogo likiwa bado juu ya boneti, akaomba nakala ya fomu yangu ya maombi, akaandika kwamba kampuni ilijua tangu mwanzo. Fidia ikaingia, ukitoa lile fungu la hasara ninalobeba mwenyewe. Kwa hiyo labda nyota mbili. Tatu, kama yeye ndiye angekuwa anapokea simu.

Lakini juzi nimekwenda kuhuisha, fomu mpya inadai bili ya umeme ya "makazi ya kudumu" nchini humo. Mimi ambaye wamenisajili wenyewe kama asiye mkazi! Rudini kwenye nyota moja.

Nimelipa hata hivyo, maana kampuni nyingine nilizouliza hazitaki kusikia habari za mwenye gari anayeishi nje. Ila safari hii nimedai sentensi ya gari kukaa bila kuendeshwa iingizwe kwenye hati ya bima yenyewe, na muhuri ugongwe juu yake. Pesa wamepokea palepale. Muhuri, eti meneja yuko likizo.